Kutafuta Miguu Iliyolegea Mpakani Busia

Kazi yangu, ukiivua majina yake marefu, ni kusaka polio kwa kuuliza watu swali moja: kuna mtoto hapa ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla? Namuuliza muuguzi wa zamu, mwenye duka la dawa, mkunga wa jadi, mwalimu wa madrasa, katekista, mvuvi aliyetia nanga Majanji, mama anayeanika mukene, dagaa wetu wa ziwani, juu ya gunia. Karibu kila mara jibu ni hapana. Hapana hiyo naiandika kwenye fomu, fomu inakwenda wilayani, wilaya inaipeleka Kampala, na huko mbele inageuka kuwa tarakimu moja tu kwenye jedwali: sifuri.

Watu wengi hudhani sifuri hiyo hujiandika yenyewe. "Dada, polio si iliisha? Mbona bado mnazunguka?" Hilo naulizwa kila msimu. Na jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kwamba ziko sifuri mbili. Kuna ya ugonjwa usiokuwepo, na kuna ya watu wasiotazama. Kwenye karatasi zinafanana kabisa.

Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, hapa Busia upande wa Uganda. Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho, kwa sababu soko letu lina Msamia, Mteso, Mgisu, Mluo wa upande wa Kenya, Msomali mwenye lori na Mkongomani mwenye vitenge. Nilianza mwaka 2010, mwaka ambao polio ilibisha hodi kwa jirani zetu wa Bugiri. Uganda ilikuwa imemwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya nyumbani, isiyoletwa kutoka nje, mwaka 1996, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa haina ugonjwa huo. Kisha mwaka 2009 virusi vikaingia kutoka Sudan, vikapooza watoto kule Amuru kaskazini. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mashariki, Bugiri, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa taksi.

Kilichonifanya niichukulie kazi hii kwa uzito ni habari iliyofuata. Mwaka 2011 mtoto mmoja alipooza Rongo, Nyanza, ndani ya Kenya. Maabara ilipolinganisha vinasaba ikaonekana virusi vile ni vya ukoo mmoja na vile vya Bugiri. Kati ya Bugiri na Rongo ilipita miezi mingi bila mtu yeyote katikati kuripoti chochote. Na msafiri wa kutoka Bugiri kwenda Rongo, njia yake ya kawaida ni hapa Busia, kwenye geti letu, mbele ya vibanda vyetu vya chapati.

Ili uelewe kwa nini hilo lilininyima usingizi, ni lazima ujue jinsi polio inavyojificha. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, kwa makadirio ni mmoja tu anayepooza. Waliobaki wanapata homa kidogo, au kuharisha, au hawapati kitu, lakini wanatoa virusi kwa choo wiki hata wiki, na kwa choo virusi vinarudi kwenye maji, kwenye mikono, kwenye kikombe cha mtoto mwingine. Kwa hiyo ukiona mguu mmoja umelegea, jua mamia ya watoto wameshapitiwa. Mguu mmoja ukikupita bila kuuona, umekosa hao wote.

Wataalamu wa maabara wana njia ya kujua tumelala kwa muda gani. Virusi vya polio hubadilika kidogo kila vinapozaliana, na kasi yake imepimwa: kipande kimoja cha vinasaba vyake, kinachoitwa VP1, hubadilika kwa takribani asilimia 1 kwa mwaka. Virusi vikipatikana leo na vina tofauti ya asilimia 2 na ndugu zao wa karibu wanaojulikana, maana yake vimetembea kama miaka miwili bila kuonekana. Sijui kipimo kingine kinachomsuta mtu wa afya namna hiyo. Hakuna maelezo ya kujitetea hapo, kila kitu kimeandikwa ndani ya kirusi chenyewe.

Sasa, zile sifuri mbili tunazitofautishaje? Dunia imeweka kipimo, na naona ni cha busara kubwa. Hata mahali ambapo polio haipo kabisa, kila mwaka wako watoto wanaolegea viungo ghafla kwa sababu nyingine: ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, uvimbe kwenye uti wa mgongo, sindano iliyochomwa vibaya takoni ikagusa mshipa wa fahamu. Angalau mtoto mmoja kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15 lazima apatikane, hata kama hana polio. Wilaya isiyompata hata huyo haiwezi kusema haina polio. Inaweza kusema tu kwamba haikutafuta. Ndiyo maana tunawatafuta watoto ambao tunatumaini hawana ugonjwa tunaoutafuta, tukawachukua choo, tukakipeleka Entebbe, ili siku tukisema "hakuna" tuaminiwe.

Na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna mtoto mmoja aliyenifundisha kazi hii kuliko semina zote.

Alikuwa mvulana wa miaka minne hivi. Mama yake anauza mukene, baba ni msukuma mkokoteni mpakani. Sikumpata kwa muuguzi wala kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC. Nilimpata kwa mzee mmoja mganga wa mifupa, anayeishi upande wa Lumino. Mzee huyu tulikuwa tumemzoea. Nilikuwa nampitia mara kwa mara, nakaa kwenye benchi lake, namuuliza habari za wajukuu kabla ya kumuuliza lolote la kazi. Baadhi ya wenzangu walimdharau kwa sababu ya mizizi yake. Mimi niliona kwamba mzazi ambaye mtoto wake ameamka hawezi kusimama, na jirani ameshamwambia ni kurogwa, hatakimbilia zahanati kwanza. Atakwenda kwa mzee. Mzee akanipigia simu jioni: "Mama, kuna mtoto hapa mguu wake ni kama kamba. Si wa kuvunjika. Njoo umwone, mimi namjua wa kuvunjika." Nilipomshukuru akajibu, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Sitaki kilio kwangu."

Nilimkuta mtoto amekalishwa kwenye mkeka, mguu wa kulia umelala pembeni. Ukiuinua unauachia, unaanguka wenyewe. Mama alieleza: mtoto alipata homa, wakaenda kwenye duka moja la dawa, akachomwa sindano takoni, kesho yake mguu haukusimama. Baba alikuwa na maelezo mengine, ya shamba na ndugu yake. Sikubishana na yeyote. Nilichotaka kujua ni siku ulipolegea, kwa sababu saa ilikuwa inakimbia. Sampuli zinatakiwa zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu kulegea. Baada ya hapo virusi hupungua kwenye choo, na maabara inaweza kukosa kitu kilichokuwepo. Tulihesabu kwa siku za soko, tukaona bado tuko ndani.

Kuchukua choo cha mtoto ni jambo dogo likisemwa ofisini, na ni jambo gumu sebuleni kwa mtu. Zinatakiwa sampuli mbili, zilizopishana saa 24 hadi 48, kila moja ukubwa wa kucha mbili za kidole gumba, katika kikopo safi chenye kifuniko cha kubana. Mtoto anakaa kwenye poti kavu, bila maji wala dawa ya kuulia wadudu. Mama aliona aibu, akawafukuza watoto wa jirani waliokuja kuchungulia. Sampuli ya kwanza ilipatikana asubuhi. Ya pili ikagoma. Mtoto aliyelala siku nyingi hupata choo kigumu, na huyu alikuwa ameacha kula. Bibi yake akakata papai lililoiva sana, akamlisha kijiko kwa kijiko huku anamwimbia. Tulisubiri mpaka jua likaanza kuinama. Nilikaa na boksi la baridi miguuni, kila mara nagusa pakiti za barafu kuona kama bado ngumu, kwa sababu choo hicho lazima kikae kati ya nyuzi 2 na 8 mpaka kifike.

Kilipopatikana, afisa wa wilaya alijaza fomu mbele yetu. Kila mtoto hupewa namba yenye nchi, wilaya, mwaka, na nambari yake ya mpangilio. Mwendesha pikipiki wa sampuli akalifunga boksi kwenye kiti, na safari ikaanza kwenda Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na leo choo cha watoto wenye miguu iliyolegea kutoka Karamoja mpaka Kisoro kinaishia kwenye vyumba vyake. Huko wanakiotesha kwenye seli hai, wanangoja, wanatazama kama seli zinakufa.

Na sisi tukangoja. Wiki zikapita. Kila siku ya soko nilipokatiza kwenye meza za mukene, mama yule aliinua kichwa. Hakuuliza kwa maneno. Baadaye akaanza kuuliza kwa maneno: "Dada, choo cha mwanangu kilifika?" Nikapiga simu. Mtu mmoja akanielekeza kwa mwingine, huyo akaniambia kama kungekuwa na polio tungeshasikia, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Hilo jibu lilinichoma. Kwa mtu wa takwimu, kimya ni habari njema. Kwa mama ambaye mwanaye anajiburuta sakafuni, kimya ni kimya.

Sikuacha kupiga. Mwishowe mtu mmoja mwema akafungua jedwali, akanisomea ile namba, akasema: hakuna virusi vya polio. Nilikwenda sokoni siku hiyohiyo, nikamvuta mama pembeni nikamwambia. Alinyamaza, akafuta mikono kwenye leso, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo si polio. Sasa ni nini, na nani atamtibu?"

Fomu yetu haikuwa na swali hilo. Mfumo mzima wa kusaka polio, wenye boksi la baridi, pikipiki, maabara na vinasaba, ulikuwa umeshamalizana na mtoto huyu. Alikuwa ameisaidia Busia kufikisha kipimo chake, ameisaidia Uganda kuaminiwa, na yeye amebaki kwenye mkeka. Kulikuwa na uchunguzi mmoja tu uliobaki, ule wa siku ya 60 tangu kulegea, ambapo afisa hurudi kuona kama mguu umebaki hivyo. Niliutumia uchunguzi huo kumbana afisa. Alipokuja, akaona paja limekonda kuliko lingine, nikamwomba aandike rufaa pale pale, kabla hajapanda gari. Mtoto akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Mama akafundishwa kuunyoosha mguu asubuhi na jioni, na bibi akafundishwa pia, na baba, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Daktari alieleza kwamba yote yalielekea kwenye ile sindano. Mtoto huyo leo anatembea. Unyayo unaburuta kidogo, lakini anatembea, na anakwenda shule.

Miezi kadhaa baada ya hapo mama yule ndiye aliyenipigia kuniambia habari za binti mmoja wa upande wa Buteba aliyeamka hawezi kushika kijiko. Kama nisingemrudishia jibu, asingepiga. Hilo nalijua kwa sababu kuna kaya nyingine, mbali na hapo, waliochukuliwa choo cha mtoto miaka iliyotangulia na hawakuambiwa kitu mpaka leo. Nilipofika kwao kuuliza swali langu la kawaida, mama mwenye nyumba alinijibu kwa adabu kabisa, kisha akafunga mlango.

Kuna watu hapa Busia wanaolielewa jambo hili kuliko mimi. Kama umewahi kuvuka mpaka wetu umewaona: wenye baiskeli kubwa za magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mikono, zimepakiwa mizigo mpaka dereva haonekani, na vijana wanasukuma kwa nyuma. Kwa miaka mingi hao ndio waliokuwa mshipa wa biashara ndogo ya mpaka huu, wakivusha bidhaa huku na kule. Wengi wao miguu yao iliondoka na polio, utotoni, kabla mpango wa taifa wa chanjo haujaanzishwa mwaka 1983 na kabla haujafika vijijini. Mzee mmoja miongoni mwao huja kutusaidia wakati wa kampeni. Tukiwa na wazazi wanaositasita, yeye husimamisha baiskeli yake mbele ya nyumba na kuongea nao taratibu. Siku moja tulipokuwa tunangoja chanjo, nilimweleza habari za jedwali la dunia: kwamba mwaka 1988, juhudi za kuifuta polio zilipoanza, nchi zipatazo 125 zilikuwa na ugonjwa huu, na watoto takribani 350,000 walipooza kwa mwaka. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimo kwenye hesabu ipi, mwalimu?" akauliza. Yeye hakuchukuliwa choo, hakuandikwa popote, hakuna aliyerudi siku ya 60. Alipooza, akabebwa mgongoni na dada yake mpaka alipopata baiskeli, akafanya biashara, akasomesha watoto. Nilimwambia ukweli, kwamba hayumo kwenye hesabu yoyote ninayoijua. Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja karatasi za kampeni.

Naamini anadaiwa kitu, yeye na wenzake. Fedha nyingi zimetumika kuhakikisha hakuna mtoto mwingine anayepooza, na nasema zimetumika vizuri. Ila baiskeli ile ikikatika mnyororo, anautafutia pesa mwenyewe.

Kampeni kubwa niliyoifanya kwa moyo mzito ilikuwa ya Januari 2022. Mwaka 2021 maabara ilikuta virusi vya polio aina ya 2 kwenye maji taka ya Kampala, katika mitambo ya Bugolobi na Lubigi. Hakuna mtoto aliyekuwa amepooza. Maji taka yalisema kabla ya miguu kusema, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Vijiji vyetu ni vya vyoo vya shimo, hakuna bomba la kuchotea sampuli, kwa hiyo kwetu bado ni macho na masikio. Serikali ikatangaza mlipuko mwezi Agosti, na Januari tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwapa matone watoto wa chini ya miaka mitano. Nchi nzima walilengwa zaidi ya milioni 8.

Ugumu haukuwa jua wala milima. Ugumu ulikuwa swali moja. Wazazi wenye simu walikuwa wameshasoma kwamba virusi vile vya Kampala asili yake ni chanjo. Kijana mmoja fundi wa redio alinizuia mlangoni kwake: "Shangazi, mnasema ugonjwa umetoka kwenye matone, halafu mnaleta matone. Nieleze." Mkufunzi mmoja alikuwa ametushauri tusiingie ndani sana kwenye habari hiyo, tuseme tu chanjo ni salama. Mimi sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Mtu akikuuliza swali la haki, mpe jibu zima.

Nikaomba kiti, nikamweleza. Matone ya Sabin, yaani chanjo ya polio ya mdomoni, yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akiyapata, virusi hivyo dhaifu hukaa tumboni mwake, vikamfundisha kinga, kisha hutoka kwa choo. Kama watoto wa jirani wote wamechanjwa, vinafika kila tumbo vinakuta mlango umefungwa, vinakufa. Kama wengi hawajachanjwa, vinapita tumbo hadi tumbo kwa muda mrefu, vinabadilika njiani, mpaka siku moja vinarudi kuwa vya kupooza. Kwa hiyo vinahitaji njia, na njia hiyo ni watoto tuliowaruka. Aina ya 2 ya porini, yaani ile ya asili isiyotokana na chanjo, ilionekana mara ya mwisho mwaka 1999 kule Aligarh, India, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa imefutwa. Kwa hiyo Aprili 2016 dunia nzima iliiondoa aina hiyo kwenye matone ya kawaida. Watoto waliozaliwa baada ya hapo matumbo yao hayaijui. Tulichokileta mlangoni kwake kilikuwa chanjo mpya, nOPV2, ambayo virusi vyake vimetengenezwa visigeuke kwa urahisi kama vile vya zamani.

Aliuliza zaidi, maswali mazuri. Nikamwonyesha kichupa: juu ya lebo kuna duara, na ndani ya duara kuna mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaungua na joto. Ukifanana nalo rangi au kuwa mweusi zaidi, tunaitupa. Akakishika kichupa kwenye mwanga kama anavyoshika vipuri vyake, akakipindua. Kisha akawaita wanawe wawili. Matone mawili kila mmoja, wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, chaki mlangoni. Tulipokuwa tunaondoka alikuwa anamweleza jirani yake habari za ule mraba.

Naitaja siku hiyo kwa sababu nasikia mara nyingi kwamba watu wetu wanakataa chanjo kwa ujinga. Niliowaona mimi wakikataa walikuwa na sababu: waliwahi kudanganywa kuhusu jambo jingine, au walichukuliwa kitu bila kurudishiwa, au waliulizwa mambo yao na mgeni asiyeketi. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kutoamini, na virusi vya huko vikasambaa hadi nchi nyingi ambazo zilikuwa zimeshasafishika. Nigeria hiyohiyo baadaye ilikaa chini na masultani, maimamu na akina mama, nyumba kwa nyumba, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa haina tena polio ya porini. Nililia siku hiyo, sioni aibu kulisema.

Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa virusi vya porini, na vinasaba vikaonyesha asili yake ni Pakistan. Msumbiji ikafuata mwaka huohuo. Pakistan na Afghanistan ndizo nchi mbili ambazo mzunguko wa virusi vya porini haujawahi kukatika. Mwaka 2023 nchi hizo zilikuwa na wagonjwa 12 tu kwa jumla, tukaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2024 wakawa karibu 100. Na virusi vilivyotokana na chanjo bado vinatembea Afrika. Mwaka huohuo wa 2024 Gaza, baada ya miaka 25 bila polio, ilipata mtoto aliyepooza, katikati ya vita na maji machafu.

Kwa hiyo fundi, shangazi bado anazunguka. Ila siku hizi nazunguka na dai. Kwenye mikutano ya wilaya nimelisema mpaka wananijua nalo: kila fomu ya mtoto aliyelegea viungo iwe na namba ya simu ya mzazi, na pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga namba hiyo majibu yakitoka, yawe mema au mabaya. Na rufaa ya mtaalamu wa viungo iandikwe siku ile ile sampuli inapochukuliwa, isingoje siku ya 60, kwa sababu msuli unaokonda haungoji maabara. Wako wanaosema hilo litaongeza gharama. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipotangaza kujiondoa katika Shirika la Afya Duniani, hoja hiyo ya gharama ilipata nguvu zaidi. Najibu kwamba simu moja ni bei ya kikombe cha chai, na mama asiyepigiwa simu hiyo anatugharimu mtoto wa jirani yake. Kwa sasa namba ya mzazi tunaiandika wenyewe kwa kalamu, pembeni mwa fomu, na majibu nayafuatilia mimi. Nikistaafu, yeyote atakayeshika fomu hizi ataikuta pale.

Na wewe unayesoma, uwe Busia, Arua, Nakivale au ng'ambo yoyote: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama amechanjwa, hata kama una hakika ni sindano au ni malaria, hata kama umeshapita kwa mganga. Waambie tarehe aliyolegea. Wakichukua choo, uliza jibu litarudi lini na kwa namba ipi, na usiondoke mpaka wameiandika.